Asilimia 13 ya Baba: Damu Inajua Nini Baada ya Mshtuko wa Moyo?

SWALI: Daktari, salamu kutoka Njoro. Baba yangu ana miaka 67. Jumapili usiku alilalamika kifua kizito kana kwamba amewekewa gunia la mahindi. Akadhani ni asidi, akanywa maziwa, akalala. Asubuhi tukampeleka kwenye kliniki iliyo karibu, wakapima troponini, kile kipimo cha damu cha moyo, wakapata 0.9, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa hapa Nakuru. Jioni ikapimwa tena, ikawa 2,600. Daktari kijana alisema figo nazo zimeguswa, halafu akasema hatari ya baba kufariki akiwa hospitalini ni asilimia 13. Kaka zangu wanasema kama damu yenyewe imeshasema, bora tumpeleke nyumbani Siaya akapumzike kati ya watu wake. Je, kweli damu inaweza kujua kwamba mtu atakufa? Na mbona troponini imepanda karibu mara elfu tatu kwa siku moja? Nimekutumia picha za karatasi zote.

JIBU: Dada, pole sana, na mzee mfikishie pole yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililokunyima usingizi na ndilo jepesi. Tazama tena zile karatasi mbili. Ile ya kliniki, yenye 0.9, pembeni ya namba imeandikwa ng/mL. Ya Nakuru, yenye 2,600, imeandikwa ng/L. Ni hiyo herufi m ndogo iliyowatia hofu nyumba nzima. Ya kwanza inahesabu nanogramu katika kila mililita ya damu, ya pili katika kila lita, na lita moja ina mililita elfu. Kwa hiyo 0.9 ya asubuhi ingeandikwa 900 kwenye karatasi ya jioni. Ni mambo ya gorogoro na gunia: mtu akikwambia amevuna gorogoro arobaini na jirani yake gunia moja, hukimbilii kusema wa kwanza amemshinda mwenzake mara arobaini, maana unajua wanakaribiana.

Basi kutoka 900 hadi 2,600 ni chini ya mara tatu. Na hata hiyo "mara tatu" mimi siiapii. Mashine ya kliniki ilipima troponini I, ya hospitali imepima troponini T. Hizi ni protini mbili za ukoo mmoja, ila namba zao hazilinganishwi hata zikiandikwa kwa kipimo kimoja. Mtu akitaka kujua kama inapanda au inashuka, sharti damu ipimwe zaidi ya mara moja kwa mashine ile ile.

Na tuseme imepanda kweli. Ilikuwa ipande. Troponini ni protini inayokaa ndani ya msuli wa moyo, kazi yake kuusaidia ukaze na kulegea. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya msuli inakosa oksijeni, seli zinakufa, na kilichokuwa ndani kinavuja kwenye damu. Kwa vipimo vya kawaida huanza kuonekana saa tatu au nne baada ya maumivu, hufika kileleni kati ya saa 12 na 24, kisha hushuka polepole na inaweza kuonekana kwenye damu wiki nzima au zaidi. Mzee aliumwa Jumapili usiku. Damu ya asubuhi ilichukuliwa akiwa anapanda mlima, ya jioni akiwa karibu na kilele. Hata mgonjwa atakayepona vizuri kabisa na kurudi shambani kwake hupita njia hiyo hiyo.

Sasa lile kubwa: damu inajua?

Nimekaa na karatasi zako jana usiku nikaihesabu ile asilimia 13 upya kwa mkono, nione imetoka wapi. Daktari wenu hakuibuni. Alitumia hesabu iitwayo GRACE, iliyochapishwa mwaka 2003 na ambayo bado inatumika duniani kote, ingawa siku hizi kuna toleo jipya la kompyuta linalokokotoa tofauti kidogo. Inauliza mambo manane mgonjwa anapofika hospitali, kila jibu lina alama zake, mwisho unajumlisha. Ukiona hesabu ya baba yako namba kwa namba utaelewa mambo ambayo maelezo marefu hayatakupa.

Umri wa miaka 67 umempa alama 58. Namba ya juu ya presha alipofika ilikuwa 112, hapo amepata 43, kwa sababu presha inayoelekea chini wakati wa mshtuko wa moyo ni dalili kwamba pampu imechoka. (Najua hili linashangaza watu waliozoea kuambiwa presha ya chini ndiyo nzuri. Kwenye hesabu hii mwenye 170 ana nafuu kuliko mwenye 95.) Mapigo ya moyo 104 kwa dakika, alama 15. Daktari aliposikiliza mapafu alisikia maji kidogo upande wa chini, alama 20. ECG yake, ule mchoro wa umeme wa moyo, ilionyesha mistari imeinuka, alama 28. Moyo wake haukusimama njiani, kwa hiyo sufuri, na hapo mshukuru Mungu, kwa sababu wangeongeza 39. Kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ilikuwa 150, ambayo kwa kipimo cha Wamarekani ni kama 1.7, imempa 13. Na troponini kuwa juu ya kawaida: 14.

Jumla 191. Ukiangalia jedwali, 190 ni karibu na asilimia 13.

Umeona damu imechangia ngapi? Kreatinini 13, troponini 14. Alama 27 kati ya 191. Zilizobaki zote zimetoka kwenye tarehe ya kuzaliwa, mkanda wa presha, vidole vilivyohesabu mapigo, karatasi ya ECG na sikio la daktari. Na troponini yenyewe, iliyowakosesha usingizi, hesabu hii haiulizi ni 900 au 2,600 au 26,000. Inauliza tu kama iko juu au haiko. Iko juu, chukua 14. Simaanishi ukubwa wake ni bure. Mara nyingi troponini ya juu sana huashiria msuli mwingi umekufa, na baadaye picha ya moyo ya ultrasaundi huonyesha upande uliolegea. Ila ukishajua umri, presha, mapigo na mapafu, ukubwa wa troponini hukuongezea kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Mapafu yale, kwa mfano. Kama yangekuwa makavu, mzee angebaki na 171, na hatari ingeshuka hadi kama asilimia 7. Karibu nusu, kwa kuweka stethoskopu mgongoni tu. Jambo hili si geni. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Killip na Kimball, waliwagawa wagonjwa 250 wa mshtuko wa moyo katika makundi manne kwa kuwatazama na kuwasikiliza. Wale wasio na dalili ya moyo kushindwa kazi, asilimia 6 walifariki hospitalini. Wenye maji kidogo mapafuni, 17. Waliojaa maji, 38. Walioingia kwenye mshtuko wa mwili mzima, presha imeanguka na mikono baridi, 81. Wakati huo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na kuzibua mshipa havikuwa tiba ya kawaida, kwa hiyo usizichukue namba zenyewe kuwa za leo. Lakini mpangilio ule haujabadilika, na ndio ulioingizwa ndani ya GRACE. Wanafunzi wangu hapa Kisumu huniona mzee wa zamani ninapowaambia wamsikilize mgonjwa kabla ya kufungua majibu ya maabara. Sawa, na wanione hivyo.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani damu haina neno. Ina maneno mengi, ila makubwa yako kwenye vipimo vya kawaida ambavyo hakuna anayevipigia simu nyumbani.

Cha kwanza ni hiyo kreatinini. Figo hula damu nyingi, na pampu ikilegea ndizo za kwanza kulalamika. Kwa hiyo kreatinini inayopanda baada ya mshtuko wa moyo inatuambia habari za moyo kupitia mlango wa nyuma. Vilevile inatuambia jinsi ya kumtibu: kuna sindano ya kuzuia damu isigande, ile anayodungwa tumboni, ambayo hutoka mwilini kupitia figo, na figo zikiwa dhaifu sana dozi hupunguzwa, la sivyo mtu huvuja damu. Ndiyo maana ya leo ikilinganishwa na ya jana ina maana kuliko ya leo peke yake. Kama mzee ana presha ya miaka mingi, tafuta nyumbani karatasi yoyote ya zamani ya kipimo cha figo. Ikiwa mwaka jana ilikuwa 145, basi 150 ya juzi ni hali yake ya kawaida na moyo haukuhusika sana. Ikiwa ilikuwa 80, ni habari nyingine. Tena figo mbovu za muda mrefu zinaweza kuifanya troponini iwe juu kidogo kila siku bila mshtuko wowote, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupima zaidi ya mara moja: ya mshtuko hupanda na kushuka, ya figo hubaki palepale. Kwa mzee, ECG na maumivu yake havijaacha shaka.

Na jambo hili niulizie wewe mwenyewe: anameza nini kwa ajili ya magoti? Wazee wetu wengi wana kikaratasi cha diklofenaki au ibuprofeni chini ya mto. Dawa hizo zinaumiza figo na si nzuri kabisa kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo. Waambie madaktari, pamoja na miti shamba kama ipo. Hakuna atakayewagombeza, na akiwagombeza mvumilie, habari ifike.

Cha pili ni sukari. Kwenye fomu yako naona 12.4 alipoingia, na umeandika pembeni kwamba hana kisukari. Huenda hana. Mwili ukipatwa na balaa humwaga adrenalini na homoni nyingine zinazosukuma sukari kwenye damu, kana kwamba unajiandaa kukimbia. Waliofika na sukari ya juu, hata wasio na kisukari, kwa wastani hufariki zaidi ya waliofika na ya kawaida. Sehemu ya sababu ni kwamba sukari hiyo inapima ukubwa wa kishindo chenyewe. Lakini pia inawezekana ana kisukari ambacho hakuna aliyewahi kukitafuta. Kuna kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, HbA1c, kinachotenganisha hayo mawili. Ukikiulizia, taja kama kwenu kuna ugonjwa wa selimundu, na pia kwamba mzee ana upungufu wa damu, kwa sababu vyote viwili hukipotosha kipimo hicho, na kwa mtu ambaye asili yake ni Siaya hilo ni swali la lazima. GRACE, kwa taarifa yako, haiulizi sukari hata kidogo.

Himoglobini ya 10.1 nayo haimo kwenye GRACE, nami huwa naitazama mapema sana. Moyo uliojeruhiwa unahitaji oksijeni, na anayeibeba ni himoglobini. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na damu kidogo kwa sababu ya malaria, minyoo, vidonda vya tumbo vinavyovuja au chakula, na juu ya hayo tunamwongezea aspirini na dawa za kuzuia kuganda. Utauliza basi aongezewe damu? Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa 3,504 wa mshtuko wa moyo waliokuwa na damu kidogo. Nusu waliongezewa kila iliposhuka chini ya 10, nusu walisubiriwa hadi 7 au 8. Waliopata damu mapema walielekea kuwa na nafuu, ila tofauti haikutosha kukata mzizi wa fitina. Kwa 10.1 nisingeharakisha. Ningetafuta anavujia wapi, na ningeuliza kama choo chake kimekuwa cheusi.

Kisha kuna hemogramu, kile kipimo cha seli zote za damu ambacho mashine hukitoa kwa dakika chache. Siku hizi tafiti nyingi, hasa kutoka Uturuki na China, zinachukua idadi ya neutrofili na kuigawanya kwa ile ya limfositi, aina mbili za seli nyeupe za damu. Hoja yao ina mantiki: neutrofili hupanda jeraha linapowaka, limfositi hushuka mwili unapobanwa na homoni za dhiki, kwa hiyo uwiano mkubwa huendana na vifo zaidi. Ni kipimo cha bei nafuu na nakipenda kwa sababu hiyo. Lakini kuwachukulia watu wa Njoro au Ahero mpaka uliowekwa Ankara, hapana. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye seli zao nyekundu. Kukosa alama hiyo ndiko kunakotukinga na malaria ya vivax, na huja pamoja na neutrofili chache kuliko za Wazungu au Waasia bila ugonjwa wowote. Uwiano wetu huanzia chini. Anayetumia mpaka wa kwao anaweza kumwona mgonjwa wetu mahututi akamwita wa kawaida. Ukiongeza malaria na maambukizi ya mapafu ambayo nayo huvuruga seli hizo, utaelewa kwa nini naiangalia namba hiyo kwa jicho moja tu.

Vipo vingine: BNP inayopima mkazo wa kuta za moyo, CRP ya uvimbe, laktati inayopanda viungo vinapokosa damu, potasiamu ambayo ikiwa chini sana au juu sana huvuruga mapigo. Potasiamu ni rahisi na lazima ipimwe. BNP ni ghali, na kwa mtu ambaye tayari mapafu yamesikika na maji, nisingewatuma muuze mbuzi kwa ajili yake.

Siku hizi pia kuna programu za kompyuta zinazomeza vipimo hivi vyote na kutoa hatari ya kifo, na wengine wananiuliza mbona hatuzitumii. Nyingine ni nzuri. Ila ziulize zilijifunza wapi. Laktati, kwa mfano, hupimwa kwa mgonjwa ambaye daktari tayari amemwogopa. Programu ikigundua kwamba wenye kipimo cha laktati hufariki zaidi, hapo imesoma wasiwasi wa daktari kwenye fomu, na damu yenyewe haijaisoma.

GRACE yenyewe ilijengwa kwa wagonjwa 11,389 kutoka nchi 14, na hakuna hata moja ya Afrika. Wengi walilazwa katika hospitali zenye vitengo vya moyo na vyumba vya kuzibua mishipa. Kwa hiyo ninaiamini sana inaponiambia nani yuko hatarini zaidi ya nani: mwenye 191 awekwe karibu na meza ya sista, mwenye 95 anaweza kukaa mwisho wa wodi. Upangaji huo husafiri vizuri kutoka nchi hadi nchi. Asilimia yenyewe ndiyo haisafiri vizuri. Pengine mahali ambapo mtu amefika saa kumi na mbili baada ya maumivu, na chumba cha kuzibua mshipa kiko Nairobi, 13 yao ni 16 au 18 yetu. Pengine inashuka, kwa sababu ambayo si ya kufurahisha: waliozidiwa zaidi hawafiki wodini kabisa. Wanafia kwenye boda boda, kwenye boti kabla ya kufika Luanda Kotieno, au kitandani wakingoja kukuche. Anayefika amekwisha kupita mchujo mmoja. Na wapo wanaotolewa hospitalini na jamaa wakiwa mahututi, wanafia nyumbani, na kwenye daftari la hospitali wanahesabiwa kuwa walitoka wakiwa hai.

Hapo ndipo napofika kwa kaka zako.

Asilimia 13 haisemi chochote kuhusu baba yenu peke yake. Inasema hivi: wapange mia moja waliofika hospitali wakiwa na umri, presha, mapigo na mapafu kama yake. Kumi na watatu hawatatoka. Themanini na saba watatoka kwa miguu yao au kwa kiti cha magurudumu. Baba yenu yuko mahali fulani kwenye foleni hiyo ya mia, na hakuna tone la damu linaloonyesha amesimama wapi. Na wale 87 hawakutoka kwa bahati. Walitoka kwa sababu walikuwa wamelazwa: walipewa aspirini, walipewa dawa ya maji ya mapafu, mapigo yalipovurugika kuna mtu alikuwa karibu na mashine ya kushtua moyo. Ukimtoa mzee wodini leo umeitupa ile 13, kwa sababu haikupigwa kwa watu waliokuwa ndani ya gari wakipanda Mau Summit, wateremke Kericho na Ahero, zaidi ya kilomita 200 hadi Siaya. Ya gari hilo haina jedwali.

Aspirini peke yake nikupe mfano. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa ISIS-2, wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo katika wiki tano za kwanza. Streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo karibu robo. Zote mbili pamoja, asilimia 42. Mzee alifika Nakuru muda wa dawa ya pili ukiwa umepita au unakaribia kupita, na sikulaumuni kwa hilo, maana hata madaktari hulala na kifua kizito wakiita asidi. Aspirini haikupita muda.

Nitakuambia pia kwa nini naogopa namba hizi zikitamkwa hovyo. Nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilihesabu hatari ya mama mmoja nikapata kubwa, nikaiandika kwa wino mwekundu juu ya faili. Nilidhani nawaamsha wenzangu. Matokeo yake yalikuwa kinyume. Raundi ya asubuhi ilianza kumpita haraka. Familia iliacha kwenda kununua dawa iliyokosekana kwenye famasia yetu. Mtu mmoja aliniuliza kama kuna haja ya kuendelea na dripu. Mama yule aliishi siku tatu, na mpaka leo sijui siku ya pili ilipotea kwa sababu ya moyo wake au kwa sababu ya kalamu yangu. Tangu hapo namba naitamka pamoja na kazi inayoagizwa nayo. Hatari ni kubwa, kwa hiyo apimwe presha kila saa. Hatari ni kubwa, kwa hiyo tupige simu ya rufaa leo na tusingoje kesho.

Ndivyo ningependa muulize kesho asubuhi daktari atakapopita. Mwambie: mlisema 13, imebadilisha nini katika mpango wa baba? Kama jibu ni kwamba yuko kwenye kitanda chenye monita, kreatinini inarudiwa kila siku, dozi ya sindano imepimwa kwa figo zake, picha ya moyo imeandikiwa na mazungumzo ya kumpeleka kwa daktari wa moyo yameanza, basi yuko kwenye mikono inayojua inachofanya. Kama jibu ni ukimya, uliza tena kwa upole na ukiwa umesimama hapo hapo.

Jueni pia kwamba ile hesabu ilipigwa mlangoni. Saa 48 za kwanza ndizo mapigo hupenda kuvurugika ghafla, na barua yako imenifikia zikiwa zimeshapita. Hatari haijaisha, katika wiki ya kwanza moyo bado unaweza kudhoofika, au kuta zake zilizokufa zikaachia. Ila mtu aliyefika siku ya tatu presha imetulia na anahema vizuri hayuko tena pale alipohesabiwa 191. Ninyi mlioketi kando ya kitanda mnaweza kuangalia mambo ambayo maabara haiyaoni: kama analala chali bila kuhema kwa shida, kama vidole vina joto, na mkojo. Mtu wa kilo 70 anatakiwa kutoa angalau kama kikombe cha chai kila baada ya saa sita. Ukipungua hapo, au jasho la baridi likimtoka, au maumivu yakirudi, mwite sista wakati huo huo, hata kama ni saa tisa ya usiku na hata kama ulimwita nusu saa iliyopita.

Kuna jambo moja nililoliona kwenye barua yako nikalisoma mara mbili. Umenieleza anachosema daktari, wanachosema kaka, unachohofia wewe. Mzee mwenyewe hajasema neno. Yuko macho, anaongea, umeandika kwamba jana aliomba uji. Ana miaka 67 na akili timamu, na asilimia 13 ni yake kabla haijawa yenu. Akishaelezwa vizuri, kwa Kijaluo, na mtu asiyelia, huenda akasema anataka kukaa atibiwe hadi mwisho. Huenda akasema Siaya. Akisema Siaya, hilo litazungumzwa na madaktari wake wakiwepo, na mapafu yakishakauka.

Troponini ya tatu ikitoka, nipigie picha karatasi nzima hadi pembeni, panapoandikwa kipimo na jina la mashine.